Mama Subiri na Meza ya Kamanda

Ndugu, majirani, walimu na nyote mliofika: huyu tunayemsindikiza leo wengi wenu mlimwita Mama Subiri. Wengine, na mpo hapa, mlimwita yule mpishi aliyemlisha mtoto wa watu mpaka akapaliwa akafa. Maneno hayo ni mazito kutamkwa mbele ya jeneza, lakini yametamkwa nyuma ya mgongo wake kwa miaka ishirini na saba, na familia imeona heri yasemwe mara moja waziwazi kuliko kuendelea kunong'onwa bombani. Wasifu wa kwanza ulioandikwa na familia ulikuwa mfupi na safi, na uliyaruka hayo yote. Uliposomwa pale nyumbani kuna mtu alisimama akaukataa. Kwa hiyo huu ni wa pili. Una kasoro zake, ila hauruki kitu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa nne kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba yake alikuwa mwoka mikate na mama yake alishona magunia. Watoto wote sita walilala chumba kimoja na kula sinia moja, na kwenye sinia hilo ndipo alipopatia sifa yake ya kwanza: alikuwa mlafi. Hakuna namna ya kulipamba neno hilo. Mdogo wake wa mwisho, ndiye huyu anayesoma, alikua akidhani kwamba nyama ni kitu kinachoonekana kwa muda mfupi kisha hutoweka. Baba yao, alipochoka kusuluhisha ugomvi wa kila jioni, aliamuru kwamba binti huyo, kabla ya kila tonge, asimulie jambo moja alilolifanya siku hiyo. Basi akawa anasimulia: niliamka, tonge. Nilinawa, tonge. Nililala tena, tonge. Mama yao alicheka mpaka akainuka pale alipokaa, na amri ikafia hapo hapo. Waliomjua ukubwani hawakiamini kisa hiki, maana mtu huyo huyo ndiye aliyekuja kuwafundisha watoto wa wenzake kungojana.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961 na kumaliza 1967. Hesabu alizimudu, mwandiko wake ulikuwa adhabu kwa walimu. Alichaguliwa kwenda sekondari, lakini mwaka ule tanuri la baba lilibomoka, na kaka zake wawili walikuwa wameshatangulia huko. Akabaki nyumbani akishona magunia na mama yake, bila kununa mbele ya watu, mpaka alipopata nafasi katika chuo cha upishi mwaka 1971. Keki yake ya mtihani wa mwisho iliinama upande mmoja, na mkufunzi akamwuliza kama amepika keki au paa la banda. Alijibu kwamba ikikatwa vizuri hakuna atakayejua. Alifaulu, na cheti chake kipo ukutani juu ya kabati la vyombo hadi leo.

Kuanzia Februari 1973 alifanya kazi katika jiko la hospitali, na huko ndiko alikoacha pupa. Alipangiwa wodi ya wagonjwa wa kiharusi, watu wazima ambao hata mate yao huwapalia, na muuguzi mmoja wa siku nyingi akamwonyesha namna ya kuwalisha. Ukae usawa wa macho yake, usimsimamie kichwani. Kidevu kiinamishwe kidogo, kisinyanyuliwe. Kijiko kiwe kidogo, na ulitazame koo mpaka lipande na kushuka, ndipo ulete kingine. Alikuwa akisema kwamba siku za mwanzo alitoka wodini akiwa na hamu ya kupiga kelele. Baadaye akazoea, na baada ya kuzoea akaipenda kazi yenyewe.

Hospitali hiyo hiyo ndiko alikompata mume. Alikuwa fundi baiskeli, amelazwa kwa mkono uliovunjika. Mkono ukapona, ila fundi akaendelea kuja saa za chakula akisingizia mara kichwa, mara tumbo, mpaka daktari akamwambia wazi kwamba ugonjwa wake uko jikoni. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Septemba 1976, wakajaliwa binti na mwana. Ilikuwa ndoa ya utani mwingi na makelele machache. Shemeji yetu aliziba pancha za mtaa mzima na hakuwahi kumaliza kuziba paa lake mwenyewe. Aliaga dunia mwaka 2009, na marehemu hakutaka kusikia habari ya kuolewa tena.

Mwaka 1984 aliajiriwa kuwa mpishi mkuu katika shule ya msingi iliyo mwisho wa barabara ya kiwanda cha sabuni. Alikuta jiko la mabati lenye masufuria mawili makubwa na bwalo lenye mabenchi marefu, na alikuta watoto wanalishwa kwa mafungu. Waliochangiwa na wazazi wao walikula kwanza. Wasiochangiwa walikula yaliyobaki, tena kwenye sahani za bati ili wajulikane. Watoto wa kitengo cha walemavu hawakufika bwaloni kabisa. Walipelekewa chakula darasani mwao, kando ya vyoo, mlango umefungwa. Alipouliza sababu aliambiwa kwamba wale wakila wanachafua. Alijibu kwamba hata mwalimu mkuu akila mchuzi anachafua, ushahidi ni tai yake. Wapishi wenzake walitazama chini. Mwalimu mkuu, kwa kumtendea haki, alicheka.

Kazi ya kuwaleta watoto wote bwaloni ilimchukua miaka miwili ya kubembeleza na kugomba. Sahani za bati alizigeuza kuwa vifuniko vya ndoo. Chakula kilikuwa kimoja, ila kila mtoto alikipata kwa namna inayomfaa: maharage ya asiyeweza kutafuna aliyapitisha kwenye chekecheke na wali wake akaupondaponda; uji wa mtoto mwenye kisukari haukuwa na sukari lakini ulikuja katika kikombe kile kile cha wenzake; asiyeruhusiwa nyama kwao hakuulizwa mbele za watu. Palipotokea mtoto anayevimba akila karanga, alizipiga marufuku karanga jikoni mwake moja kwa moja, wapishi wakanuna wiki nzima. Saa nne, kila mtoto bila kuchaguliwa alipata ndizi au kipande cha mkate. Mezani walikaa wanane wanane, na kila meza ilikuwa na mmoja wa kile kitengo.

Halafu akaweka sheria yake. Hakuna kuinuka mezani mpaka wa mwisho amalize. Hakutaka mtoto yeyote abaki peke yake kwenye benchi tupu huku wenzake wanacheza nje. Watoto waliokuwa na haraka walilalamika kila siku, naye kila siku alijibu kwa neno moja, subiri, na hilo ndilo lililompa jina.

Kati ya watoto wa kitengo kulikuwa na mmoja aliyeitwa Kamanda. Alikuwa hawezi kutembea wala kushika kijiko, na maneno yake yalieleweka na watu wachache. Kiti chake cha magurudumu kiliundwa na shemeji yetu fundi kutokana na baiskeli mbili zilizokufa. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kumaliza kila siku, ruhusa ya kuinuka ilitoka kwake: akishiba anagonga meza kwa kifundo cha mkono, na wenzake saba wanaruka juu. Siku nyingine alimaliza kula kisha akakaa tu, anawatazama, anawazungusha, mpaka wamwombe. Mama yake, ambaye ni muuza mboga na jirani yetu, alikuwa amembeba mgongoni kwa miaka kwa sababu kila shule ilimkataa. Alimwambia marehemu kwamba mwanawe hajawahi kuitwa na mtoto mwenzake waende kucheza, na kwamba pale shuleni watoto wanagombania kumsukuma. Alilisema hilo akilia, mikono yake imejaa mchicha.

Jumanne tarehe 11 Juni 1996 palikuwa na mechi ya mpira dhidi ya shule jirani, ianze mara baada ya chakula cha mchana. Msaidizi aliyezoea kumlisha Kamanda hakufika kazini, mtoto wake alikuwa na homa, kwa hiyo marehemu alikaa kumlisha mwenyewe. Alimlisha nusu ya sahani. Ndipo lori la maharage likafika getini, mtunza stoo hayupo, dereva anapiga honi kama mwenye ugomvi na shule. Marehemu aliweka kijiko mezani, akawaambia watoto wasubiri, akatoka. Msaidizi mwingine hakumwita, wala sheria yake hakuiondoa kwa siku ile moja. Alijilaumu kwa mambo hayo mawili mpaka mwisho wa uhai wake, na alikuwa na haki ya kujilaumu.

Katika meza ile kulikuwa na msichana wa miaka tisa, binti wa kinyozi. Walimwita Chiriku kwa sababu alianza kuongea anapoamka na alinyamaza akilala. Haya yanayofuata yanasomwa kwa ruhusa yake, na yuko hapa, amesimama upande wa kulia wa jeneza. Filimbi ya mpira ililia. Meza nyingine ziliinuka moja baada ya nyingine, bwalo likawa tupu, ikabaki meza ya Kamanda. Wenzake wakamhimiza Chiriku ammalizie. Akashika kijiko, akasimama ili afikie vizuri, akamlisha haraka, kijiko juu ya kijiko. Kamanda akapaliwa.

Marehemu aliposikia benchi limeanguka alirudi mbio. Alimgeuza, akampiga mgongoni, akamtia kidole kooni, akafanya yote aliyofundishwa na mengine ambayo hakufundishwa. Walimkimbiza hospitali kwa lori lile lile la maharage. Kamanda aliaga dunia njiani, akiwa na miaka kumi.

Marehemu aliporudi shuleni, nguo zake zimelowa jasho, alikuta meza ya Kamanda bado imekaa. Hakuna mtu mzima aliyewakumbuka kuwaambia wainuke, na wa mwisho hakuwa amemaliza. Watoto saba walikuwa wamekaa mbele ya sahani tupu, na Chiriku alikuwa bado ameshika kijiko. Mwalimu mkuu aliingia nyuma yake, akauliza nani alikuwa anamlisha mtoto yule. Marehemu alikwenda hadi kwa Chiriku, akakitoa kijiko mkononi mwake.

"Mimi," alisema. "Nilikuwa namlisha mimi."

Kisha akawaambia watoto waende kunawa mikono.

Shemeji yetu fundi hakudanganyika. Alikuwa ameishi na mwanamke huyu miaka ishirini na alijua kwamba hawezi kumharakisha mtu mwenye kijiko kinywani. Alimbana mpaka akamwambia ukweli, kisha akagomba, akasema anajizika mzima kwa ajili ya mtoto wa kinyozi. Marehemu alimjibu kwamba sheria ilikuwa yake. Ni kama aliwafungia watoto pale mezani akaondoka na ufunguo. Alisema mtoto wa miaka tisa hawezi kulibeba jambo lile, na yeye anaweza. Shemeji alilinyamazia, na kabla hajafa alimweleza binti yao tu.

Je, alilibeba? Alilibeba, lakini lilimponda. Mwisho wa Julai mwaka ule alifukuzwa kazi. Watoto wa kitengo walirudishwa darasani mwao kando ya vyoo, na mlango ukafungwa kama zamani. Hilo lilimuuma kuliko kufukuzwa, kwa sababu uongo wake mwenyewe ndio uliompokonya hoja: kama mpishi aliyesomea kazi hiyo hospitalini anaweza kumpaliza mtoto, nani tena ataaminiwa kuwalisha hadharani? Mtaani jina la Mama Subiri likageuzwa kejeli. Watoto walimwimbia akipita, na wazazi wao waliokuwa wamekaa barazani hawakuwakataza. Baadhi yenu mnajifahamu.

Mama yake Kamanda alikuja nyumbani kwake mara moja tu, baada ya arobaini. Hakuketi. Alimwuliza, "Ulikuwa na haraka gani?"

Marehemu hakuwa na haraka yoyote, wala hakuwepo pale mezani. Mama Kamanda alisimama mlangoni muda mrefu akingoja, kisha akaondoka. Tangu siku ile wanawake wale wawili walichota maji bomba moja bila kusalimiana. Marehemu akifika, mwenzake alisogeza ndoo yake pembeni.

Mwaka 1997 alipata kazi katika kantini ya karakana ya mabasi, akaifanya mpaka alipostaafu mwaka 2013. Mafundi wa pale walimpenda, ingawa walishangaa mpishi anayewakemea wakila wamesimama. Nyumbani, wapishi wa shule ile walikuwa wakimpitia kwa siri kumwuliza afanyweje mtoto anayetapika maziwa, au anayekataa kila kitu chenye rangi ya kijani, naye aliwajibu dirishani bila kutaka washukuru. Mwaka 2011 alikuja mwalimu mkuu mpya akarudisha watoto wote bwaloni, akamfuata kuomba ushauri. Alikuwa na mmoja tu: afute ile sheria ya kusubiriana. Anayemaliza aondoke, na anayechelewa akae na mtu mzima mmoja asiye na pa kwenda. Alisema, "Nilidhani nimempa mtoto yule wenzake. Kumbe nilimfanya awe mlango uliofungwa." Mwalimu alimwalika akaone bwalo. Alifika mpaka getini akarudi.

Ugonjwa ulimwanza tarehe 9 Novemba 2021. Kilikuwa kiharusi, kikachukua upande wa kulia na karibu maneno yake yote, na kikamfanya awe mtu wa kulishwa. Binti yake alimlisha vile vile alivyofundishwa na mama yake, amekaa usawa wa macho, kijiko kidogo. Mwezi Machi uliofuata, Chiriku alikuja kumjulia hali. Siku hizi ni fundi cherehani mwenye duka lake karibu na soko, mama wa watoto wawili, na wateja wake wanamjua kwa upole na kwa kutosema. Alileta gauni lenye vifungo mbele mpaka chini, ili mgonjwa avalishwe bila kusumbuliwa. Binti wa marehemu alitaka kwenda dukani mara moja, akamkabidhi bakuli. Chiriku alikitazama kijiko, akaweka bakuli chini, akatoka nje, akatapika kando ya ukuta. Mgonjwa alimwona dirishani. Binti aliporudi alimkuta mama yake analia kwa upande mmoja wa uso, ule ulioweza kulia, na bakuli halijaguswa. Chiriku aliendelea kushona magauni yale, matatu, manne, akiyatuma kwa watu. Mwenyewe hakuingia tena ndani ya nyumba ile hadi msiba.

Marehemu alifariki dunia nyumbani kwake asubuhi ya Ijumaa, tarehe 4 Agosti 2023, kwa homa ya mapafu, binti yake akiwa amemshika mkono. Hakuteseka sana siku ya mwisho. Siku zilizotangulia aliteseka.

Jumapili alasiri familia ilikaa uani kusikiliza wasifu. Ulisema kwamba marehemu aliacha kazi ya shule mwaka 1996 kwa sababu za kiafya. Chiriku aliinuka kati ya wanawake waliokuwa wakiosha vyombo, mikono inachuruzika maji. Alisema marehemu hakuacha kazi, alifukuzwa, na alifukuzwa kwa ajili yake, kwa sababu kijiko alikishika yeye. Alisema kwa sauti ndogo lakini kila mtu alisikia. Binti wa marehemu alimwendea, akamshika bega, akamsihi anyamaze. Alimwambia mama alikwisha kulimaliza jambo hilo, alitaka yeye aishi kwa raha.

"Alinificha, dada, nami nikabaki mafichoni," Chiriku alisema. "Siku ile watu wote waliulizwa isipokuwa mimi. Mpaka leo nangoja kuulizwa."

Mama Kamanda alikuwepo. Alikuja msibani kama jirani na kukaa karibu na ua, mbali na wafiwa. Aliinuka sasa, na waliokuwa njiani wakampisha. Mwana wa marehemu alisimama pia, akiogopa patakuwa na vurugu. Yule mama alifika mbele ya Chiriku, na hakumwuliza alilomwuliza marehemu zamani.

"Alikuwa anafanya nini?" aliuliza.

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Kabla hajapaliwa. Alikuwa anafanya nini?"

Chiriku alijifuta mikono kwenye khanga. "Alikuwa anacheka," alisema. "Filimbi ililia, akageuka kutazama mlangoni. Kila nikileta kijiko, namkuta ameshafungua kinywa. Ni yeye aliyekuwa ananiharakisha, mama. Alitaka kwenda mpirani na sisi."

Mama Kamanda alikaa chini, palepale kwenye maji ya vyombo. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa ameamini kwamba mwanawe alikufa akishindiliwa chakula na mtu mzima aliyemchoka. Hakuwa na picha nyingine ya dakika zile, na hakuna aliyeweza kumpa, kwa kuwa aliyejitwika lawama hakuwepo, na waliokuwepo walikuwa wameambiwa waende kunawa mikono. Familia inalisema hili bila kumpendelea marehemu. Alipoufunika mkono wa msichana yule, alikifunika pia kicheko cha Kamanda, naye hakujua kama kilikuwepo. Alitaka kumwokoa mtoto mmoja, akamwokoa nusu, na akamdhulumu mama wa mwenzake bila kukusudia. Angekuwa hai angesikia, na angelia tena, na pengine angeomba radhi. Leo inaombwa kwa niaba yake: Mama Kamanda, utusamehe.

Yule mama alipopata sauti alisema, "Niambie tena." Chiriku akakaa naye kwenye maji, akamwambia tena: filimbi, mlango, kinywa kilichokuwa wazi kabla ya kijiko. Aliulizwa Kamanda alikuwa amevaa shati gani, nani alikaa kulia kwake, alicheka kwa sauti au kwa macho tu. Mengine aliyajua. Mengine hakuyakumbuka, na alisema hivyo. Familia iliwaacha hapo, na karatasi ya wasifu wa kwanza ikatumika kuwashia jiko.

Marehemu ameacha binti na mwana, wajukuu watano, dada mmoja, na mdogo wake ambaye amewasomea haya. Ameacha watoto wa shule ile, ambao leo saa nne wamepata ndizi zao kama kawaida. Ameacha pia waliokaa meza ya Kamanda. Mlikuwa saba. Mmoja ni Chiriku, wawili tumewaona hapa, na mmoja wenu amebeba jeneza bila kusema neno. Mama Kamanda anawaomba, baada ya mazishi, leo au siku yoyote, mwende kwake, kila mmoja na kile anachokikumbuka, hata kiwe kidogo, hata kiwe kibaya. Amesema atakuwa nyumbani.

Dada yetu apate pumziko lake la amani, na mtoto yule pia.